Kabla ya Herufi: Silabi, Kinyume na Utayari wa Mtoto wa Kusoma Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna dhana ya utayari wa kusoma inavyotekelezwa katika vitabu vya hatua ya kwanza na madarasa ya awali yanayotumia Kiswahili, hasa nchini Tanzania. Hoja yake ni kwamba silabi, ambayo ndiyo nguzo ya vitabu hivyo, hufundishwa kama kitu cha kukariri ilhali katika fasihi simulizi ya watoto hutumika kama kitu cha kuchezea, na kwamba utayari hutokana na uchezaji huo. Makala yanapima hoja hiyo dhidi ya pingamizi kutoka saikolojia ya usomaji, yanachunguza silabi zinazomtatiza msomaji mchanga, kisha yanahoji sababu za wahakiki wa fasihi ya watoto kuyapuuza maumbo ya lugha na kushughulikia maadili peke yake.

1. Mtoto na silabi ki

Miaka michache iliyopita niliketi kwenye benchi la nyuma katika darasa la awali la shule moja mkoani Pwani. Ukutani ilibandikwa chati ya silabi iliyoandikwa kwa kalamu nene: ba be bi bo bu, da de di do du, na kuendelea hadi za ze zi zo zu. Watoto waliisoma yote kwa pamoja, kwa lahani iliyopanda na kushuka mahali palepale katika kila mstari, wala hawakukosea. Baada ya kipindi nilimwomba mwalimu ruhusa, nikamwita msichana aliyekuwa ameongoza wenzake kwa sauti kali kuliko zote. Nilimwonyesha silabi ki peke yake. Alinitazama, akaitazama chati, kisha akaanza: ka, ke, ki. Nilipomwonyesha tu akaanza tena tangu ta. Nilipofunika mstari mzima kwa karatasi nikaacha silabi moja tu ionekane, alinyamaza.

Jioni ya siku hiyo, nje ya nyumba niliyofikia, watoto wakubwa kidogo kuliko yule wa asubuhi walikuwa wakisemezana kinyume ili mdogo wao asiwaelewe. Silabi ya mwisho ya kila neno waliileta mwanzoni: kitabu kikawa bukita, samaki kisama, nyumba mbanyu. Mdogo wao, ambaye kwa kumkadiria hakuwa amevuka miaka 6, aliwasikiliza kwa muda, akacheka, akawajibu kwa neno moja: lachaku. Alikuwa akitaka chakula.

Visa viwili havithibitishi nadharia, na sivitaji hapa kama ushahidi. Navitaja kwa sababu vinaibua swali ambalo vitabu vyetu vya hatua ya kwanza havijaliuliza. Mtoto wa jioni, ambaye bila shaka hakujua herufi hata moja, alikuwa ameikata silabi la kutoka katika neno, akaihamisha, akaliunda neno upya. Mtoto wa asubuhi alikuwa na silabi zote za Kiswahili kinywani lakini hakuweza kuishika hata moja peke yake. Ni yupi kati yao aliye tayari kujifunza kusoma?

2. Neno utayari

Dhana ya utayari wa kusoma ilianza kama hoja ya kungoja. Nchini Marekani, Morphett na Washburne (1931) walidai kwamba mtoto hafai kuanza kufundishwa kusoma kabla ya kufikia umri wa kiakili wa takribani miaka 6 na nusu. Dai hilo lilikaa katika mitaala ya nchi nyingi kwa miongo kadhaa. Aliyelitikisa ni Marie Clay wa New Zealand, ambaye katika tasnifu yake ya 1966 alionyesha kwamba usomaji hauanzi siku mwalimu anapofungua kitabu cha kwanza. Kabla ya siku hiyo mtoto amekwisha kujua, au hajajua, kwamba maandishi husema neno, kwamba husomwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kwamba msomaji hurudia maneno yaleyale kila anaporudi kwenye ukurasa uleule. Tangu hapo utayari haukuwa tena jambo la kungojewa, bali la kulelewa.

Tanzania iliupokea mwelekeo huu kwa njia ya sera. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, na mtaala wa darasa la I na la II wa mwaka 2015 uliyaelekeza madarasa hayo kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Sina ugomvi na shabaha hiyo. Ugomvi wangu ni na kilichotokea darasa la awali baada ya hapo: badala ya kuwa mahali pa kumwandaa mtoto kwa kazi ya darasa la I, limekuwa darasa la I lililosogezwa nyuma mwaka mmoja. Chati niliyoiona mkoani Pwani ilikuwa chati ya darasa la I.

3. Kukariri silabi na kucheza silabi

Isifikiriwe kwamba naipinga silabi. Kwa lugha yenye muundo wa Kiswahili, kuanza na silabi ni uamuzi wa busara kuliko kuanza na majina ya herufi. Silabi nyingi za Kiswahili ni wazi, irabu zake ni tano, na tahajia yake kwa kiasi kikubwa hufuata matamshi. Mtoto anayezimudu silabi za msingi ana ufunguo wa maelfu ya maneno, neema ambayo mtoto wa Kiingereza hana.

Upwa wa Afrika Mashariki una mapokeo marefu zaidi ya haya. Katika vyuo vya Kurani mtoto alitaja herufi, akataja irabu yake, kisha akatamka silabi inayopatikana: ba kwa fatha, bi kwa kisra, bu kwa dhuma. Mbinu hiyo ilifanya kazi yake vizuri kwa sababu shabaha ya mwanzo ilikuwa usomaji sahihi wa matini takatifu, na maana ilifundishwa baadaye na kwa njia nyingine. Sidai kwamba chati ya shule imerithiwa kutoka chuoni, kwa kuwa historia ya vitabu vya kwanza vya wamisionari ina njia zake. Nasema tu kwamba chati imechukua uimbaji wa pamoja bila kuwa na shabaha iliyouhalalisha uimbaji huo chuoni. Shule inataka mtoto asome barua asiyowahi kuiona.

Tofauti ya chati na kinyume ni tofauti ya mpangilio na mwendo. Katika chati kila silabi ina jirani yake wa kudumu: ki yuko kati ya ke na ko, na ukimtenga na majirani hao anapotea, kama ilivyotokea kwa yule msichana. Katika kinyume silabi haina makao. Mchezaji lazima alishike neno zima akilini, atambue mshono wa mwisho, akate, abebe, aunge. Na msikilizaji lazima aifanye kazi hiyohiyo kwa kurudi nyuma. Wanasaikolojia wa usomaji wangeliita jambo hili ufahamu wa fonolojia. Bradley na Bryant (1983) walionyesha kwamba watoto waliokuwa hodari wa kupanga maneno kwa kufanana kwa sauti kabla ya kuanza kusoma walisoma vizuri zaidi baadaye, na kwamba mazoezi ya sauti yaliyoambatana na herufi yalisaidia zaidi ya mazoezi ya aina nyingine. Kinyume si jambo jipya lililozuliwa kumfurahisha mtafiti. Edward Steere alikiona kuwa cha maana kiasi cha kukiwekea mifano katika kiambatisho cha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1870. Tumekuwa nacho kwenye maandishi kwa karne moja na nusu, na hatujakifikisha darasani.

Badala yake tumekaribisha mazoezi ya kigeni. Zipo shughuli za utayari zilizotafsiriwa moja kwa moja kutoka Kiingereza, ambazo humtaka mtoto atambue maneno yanayofanana mwishoni, kwa kuiga jozi kama cat na hat. Katika Kiingereza zoezi hilo lina mantiki, kwa kuwa maneno mengi ya mtoto ni ya silabi moja na sehemu inayofanana ni irabu pamoja na konsonanti ya mwisho. Katika Kiswahili neno la silabi moja ni nadra, na kinachofanana mwishoni ni silabi nzima. Washairi wetu walilijua hilo zamani: kina cha Kiswahili ni silabi. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), aliweka mizani na vina kuwa msingi wa utungo, na mizani si kingine ila hesabu ya silabi. Mtoto anayepiga makofi kwa kila silabi ya jina lake anahesabu mizani. Walimu wa awali wangenufaika zaidi na kitabu cha mshairi huyo kuliko na chati iliyotafsiriwa, ingawa natambua kwamba si kawaida kukipendekeza kwa watoto wa miaka 5.

4. Pingamizi

Msomaji makini atauliza: je, si kweli kwamba mtoto hodari wa kinyume bado hajui kwamba silabi ki ina sauti mbili? Ni kweli, na pingamizi hili ni zito. Morais na wenzake (1979) waliwapima watu wazima nchini Ureno ambao hawakuwahi kujifunza kusoma, wakawaomba waondoe au waongeze sauti moja mwanzoni mwa neno. Wengi wao walishindwa, ilhali wenzao wa mazingira hayohayo waliojifunza kusoma ukubwani waliweza. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba wasiojua kusoma walizimudu silabi vizuri zaidi kuliko walivyozimudu fonimu. Ufahamu wa fonimu, basi, kwa sehemu kubwa ni tunda la kusoma herufi na si sharti linalotangulia.

Nakubaliana na matokeo hayo, na ndiyo maana sidai kwamba kinyume kinafundisha kusoma. Hakuna mchezo wa mdomo unaomwonyesha mtoto umbo la k. Herufi lazima ifundishwe, waziwazi na kwa mpangilio, na wanaodhani kwamba vitabu vya picha na mapenzi ya nyumbani vitaifanya kazi hiyo wanawadhulumu watoto wasio na vitabu nyumbani. Aidha, Alcock na Ngorosho (2003) walionyesha kwamba hata katika lugha yenye tahajia ya utaratibu kama Kiswahili, kujifunza tahajia si kazi nyepesi. Ninachodai ni kidogo zaidi, lakini kina uzito wake: mtoto anayeijua silabi kama kitu kinachohamishika atakapoonyeshwa ki na vi ataelewa anaulizwa nini. Mtoto anayeijua kama sehemu ya wimbo ataimba.

Kutoka kwenye silabi hadi kwenye fonimu lugha yenyewe imejenga vivuko viwili, na sijaona kitabu cha hatua ya kwanza kinachovitumia kwa makusudi.

Kivuko cha kwanza ni tanakali za sauti. Tunasema nyeupe pee, nyeusi tii, kimya jii. Katika kila moja irabu imevutwa mpaka konsonanti inabaki imesimama peke yake mlangoni. Mtoto anayesema pee kwa kuivuta irabu amefanya jambo ambalo mwalimu wa fonimu huhangaika kulieleza: ametenganisha p na kinachoifuata. Msimulizi wa hadithi huzitumia tanakali kwa wingi, na watoto huzidaka kabla ya kitu kingine chochote. Hata hivyo zikiingia vitabuni huwa pambo la masimulizi katika darasa la IV au la V, zinapokuwa zimekwisha kuwa mada ya mtihani wa istilahi.

Kivuko cha pili ni upatanisho wa kisarufi. Mtoto wa miaka 4 anayesema kijiko changu kipya kimepotea anaweza, bila kufundishwa na yeyote, kusema vijiko vyangu vipya vimepotea. Tuyatazame mabadiliko hayo kwa jicho la mwalimu wa kusoma. Katika kijiko na vijiko, kipya na vipya, kimepotea na vimepotea, irabu imebaki ilivyo na konsonanti imebadilika. K imeondoka, v imeingia. Sarufi ya ngeli imempa mtoto jozi ya mlinganuo wa kifonimu, tena imemrudia mara kadhaa katika sentensi moja. Changu na vyangu huongeza ugumu kidogo, na ugumu huo ni wa kufaa kwa hatua inayofuata. Kuna pia mfuatano wa vitenzi kama pika, piga, pima, pita, ambapo konsonanti moja tu hubadilika, na wa taka, teka, toka, ambapo irabu moja tu hubadilika. Mchezo wa kubadilisha sauti moja ili kupata tendo jingine unaweza kuchezwa chini ya mwembe bila karatasi. Herufi zikija baadaye zitakuwa alama za kitu ambacho mtoto amekwisha kukigusa.

5. Neno mbu na silabi mbu

Chati za silabi zikimaliza ba na da hufika kwenye mba, mbe, mbi, mbo, mbu. Hapo mtoto hujifunza kwamba mbu ni pigo moja, na ni kweli kwa mbuzi, ambaye ana silabi mbili, mbu-zi. Lakini mbu anayemuuma usiku ana mapigo mawili, m-bu, na mkazo uko kwenye m. Mbwa naye ni m-bwa. Nchi ni n-chi. Nta ni n-ta. Mshairi yeyote anayehesabu mizani atakueleza hivyo bila kusita. Chati haisemi.

Jambo hili si la kuwafurahisha wanafonolojia pekee. Mtu ni miongoni mwa maneno ya kwanza ambayo mtoto hukutana nayo kitabuni, pamoja na mtoto mwenyewe, mti, mkono na mguu. Yote huanza na nazali inayobeba silabi peke yake, na chati iliyopangwa kwa konsonanti na irabu haina nafasi ya silabi hiyo. Nimewasikia watoto wakisoma mtu kama mutu, na walimu wakiwasahihisha kana kwamba ni kosa la lafudhi ya nyumbani. Mara nyingine huwa ni lafudhi kweli. Lakini mara nyingine mtoto amefuata mantiki ya chati kwa uaminifu kuliko mwalimu: amefundishwa kwamba kila pigo lina irabu, akaitafuta irabu, hakuiona, akaitia.

Hapa mchezo hufichua kile ambacho chati huficha. Ukimwambia mtoto aseme mtu kwa kinyume, sheria ya mchezo itadai tum, umbo ambalo Kiswahili hakilipendi mwishoni mwa neno. Mchezaji hulazimika kuamua kama m ni pigo au si pigo. Uamuzi wake wowote ule utamweleza mwalimu mtoto anasikia nini. Mfano mgumu zaidi ni mbuni. Ndege mbuni ana silabi mbili, mbu-ni. Mmea mbuni, unaozaa buni, una tatu, m-bu-ni. Tahajia ni ileile na mkazo uko kwenye bu kwa yote mawili. Kinyume hakiwezi kuyatenga maneno haya, maana yote huzaa nimbu; makofi ndiyo yanayoyatenga. Kwa hiyo aina za michezo hazifanani katika kile zinachokifichua, na mtaala utakaozichukua utapaswa kuzichagua kwa sababu za kiisimu, si kwa sababu zinachangamsha.

6. Matini isiyosema na mtu

Gough na Tunmer (1986) waliuelezea usomaji kama zao la vitu viwili, kufumbua maandishi na kuelewa lugha, kwa maana kwamba kimoja kikiwa sifuri zao lote ni sifuri. Hadi sasa nimeshughulikia cha kwanza. Cha pili kinatuleta kwenye vitabu vya hatua ya kwanza kama matini.

Chukua sentensi za aina hii, nilizoziunda mwenyewe kwa mtindo uliozoeleka: Baba ana kuku. Kuku ni wa baba. Mama ana kikapu. Kikapu kina dagaa. Silabi zimechaguliwa kwa uangalifu na tahajia haina mtego. Lakini ni nani anayesema, na anamwambia nani? Hakuna aliyeuliza kuku ni wa nani. Hakuna kilichotokea kwa kuku. Msomaji akimaliza mstari wa nne hana sababu ya kutaka wa tano.

Linganisha na mwanzo wa hadithi. Msimulizi akisema Paukwa! huwa hajaeleza lolote, lakini amekwisha kufunga mkataba: hawezi kuendelea mpaka ajibiwe Pakawa! Kitendawili nacho hakitegwi mpaka aliyeitwa akubali kutegewa, na anayeshindwa hutoa mji. Mtoto aliyekulia katika mkataba huo anajua mambo mawili ambayo ni nusu ya utayari. Anajua kwamba lugha inaweza kuzungumzia kitu ambacho hakipo hapa wala sasa hivi. Anajua pia kwamba maneno yanaweza kusema jambo moja na kumaanisha jingine, kama nyumba isiyo na mlango inavyokuwa yai. Msomaji wa ukurasa wa maandishi anahitaji mambo haya yote mawili, kwa sababu ukurasa hauna mkono wa kuonyesha wala uso wa kukonyeza.

Kuna kipengele kimoja cha kisarufi ambacho kwangu kinaonyesha umbali uliopo kati ya sikio la mtoto na kitabu chake. Hadithi ya Kiswahili hutembea kwa -ka-: akaenda, akaona, akarudi, akamwambia. Ni mofimu ya mfuatano, na mtoto aliyesimuliwa hadithi ameisikia mara zisizohesabika. Vitabu vya kwanza ninavyovifahamu hukaa kwenye ni, ana na -na-, kwa dhana kwamba wakati uliopo ndio rahisi. Ni rahisi kwa nani? Silabi ka imo katika chati tangu siku za mwanzo, na akaona ina silabi nne wazi zisizo na mtego. Hakuna sababu ya kifonolojia wala ya kitahajia ya kuiahirisha. Kinachoahirishwa ni hadithi, na ikiahirishwa hadithi mtoto huzoea kwamba kusoma ni kutaja mali za baba na mama.

Niongeze tahadhari moja. Silabi na mofimu za Kiswahili hazipatani mipaka. Wanasoma kwa silabi ni wa-na-so-ma, lakini kwa mofimu ni wa-na-som-a. Mshono wa maana umepita katikati ya silabi ma. Katika hawakusomeshwa msomaji mchanga hupiga hatua sita za silabi, na akifika shwa huenda ameisahau ha iliyolikanusha neno lote. Mtoto hawezi kuokolewa hapa kwa mazoezi zaidi ya chati. Humwokoa uzoefu wa kusikia maneno marefu ndani ya habari anayotaka kujua mwisho wake, kiasi kwamba akianza na hawaku- akili yake imekwisha kutangulia mbele kutafuta tendo.

7. Lawama kwa wahakiki

Ni rahisi kuwalaumu walimu na waandishi wa vitabu. Lakini sisi tulio vyuo vikuu tumewapa nini? Tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania uanze mwaka 1991, vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa watoto vimeongezeka, na tahakiki zake zimeongezeka pia, hasa katika tasnifu za umahiri. Nimesimamia baadhi ya tasnifu hizo na kutahini nyingine, kwa hiyo lawama hii inanihusu. Karibu zote huuliza swali moja: kitabu hiki kinamfunza mtoto maadili gani? Sungura mjanja hupewa alama kwa werevu na kunyang'anywa kwa ulaghai. Vitendawili husifiwa kwa kukuza fikra, bembelezi kwa kudumisha upendo wa mama, michezo kwa kujenga umoja. Kinyume hakitajwi kabisa, kwa sababu hakina funzo.

Mtazamo huu umetufanya tuihukumu fasihi ya watoto kana kwamba ni tawi la uraia. Wimbo wa mchezo ambao maneno yake hayana maana yoyote huonekana kuwa takataka ya mapokeo, na mtafiti huuruka ili afike kwenye ngano yenye adabu. Kwa mtoto anayekaribia kusoma, wimbo huo usio na maana ndio wenye thamani kubwa, kwa sababu umemlazimisha kusikiliza sauti bila kukimbilia maana. Vitanzandimi navyo humtaka ashike tofauti ya s na sh, au ya l na r, kwa kasi ambayo hakuna zoezi la kitabu lingeweza kuidai. Mhakiki anayeviweka kando vitu hivi amekiweka kando kile ambacho taaluma yake mbili, isimu na fasihi, zingeweza kukieleza kwa pamoja. Majarida yetu yana majina yote mawili kwenye jalada. Makala zake mara chache huyakutanisha.

8. Mtoto wa lugha nyingine

Hadi hapa nimemzungumzia mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake ya kwanza. Watoto wengi wa bara huingia darasa la awali na lugha nyingine. Kwa wale wa lugha za Kibantu hasara si kubwa sana, kwa kuwa silabi wazi wanazo na michezo ya silabi hujengeka kwa urahisi. Tatizo lao liko kwenye fonimu. Mtoto ambaye lugha yake haitofautishi l na r huziona la na ra kwenye chati kama namna mbili za kuandika kitu kimoja, na kula na kura kama neno moja lenye bahati mbaya. Sauti za dh, th na gh humpa kazi kama hiyo, na hapo kuna ziada ya herufi mbili kusimamia sauti moja. Kwa mtoto wa Kimaasai au wa Kiiraqw hali ni tofauti, maana lugha hizo zina maneno yanayoishia kwa konsonanti, na silabi ya chati si kipimo pekee ambacho sikio lake limekizoea. Kinyume cha Kiswahili, ambacho kwa mtoto wa Pwani ni mchezo, kwake kitakuwa somo la lugha ya pili juu ya somo la kusoma.

Katika darasa la aina hiyo nisingeanza na chati, wala nisingeanza na kinyume. Ningeanza na pee na tii, pamoja na kitambaa cheupe na kipande cha mkaa, kwa sababu p na t zimo katika lugha hizo zote nilizozitaja, na mtoto hahitaji kujua zaidi ya maneno hayo mawili ili aanze kuivuta irabu na kusikia kilichobaki mbele yake.